Jina la Rangi na Rangi Yenyewe: Uhakiki wa Rangi Nane za Okabe na Ito

Katika vitabu vya elimu ni desturi ya watungaji kuandika chini ya mchoro maneno ya namna hii: "Mstari mwekundu waonyesha joto, na mstari wa kijani waonyesha mvua." Sarufi ya maneno hayo haina kasoro. Kivumishi kimefuata ngeli yake, na neno kijani limeungwa na jina kama ipasavyo. Walakini wako wasomaji ambao kwao maneno hayo hayafumbui kitu. Wakiutazama mchoro huona mistari miwili ya rangi moja, au ya rangi zinazokaribiana mno hata haziwezi kutengwa, na hapana neno lolote katika ukurasa liwezalo kuwaambia upi ni upi. Kosa hilo si la mpiga chapa, wala si la msomaji. Ni kosa la mtungaji aliyedhani kwamba jina la rangi na rangi yenyewe ni kitu kimoja.

Dawa za kosa hili zimetafutwa na wengi, na mojawapo iliyopata sifa kubwa ni ile ya wataalamu wawili wa elimu ya viumbe wa Japani, Masataka Okabe na Kei Ito, ambao wenyewe hawatofautishi nyekundu na kijani kama watu wengine. Mwongozo wao ulitolewa mwaka 2002, ukarekebishwa mwaka 2008. Ndani yake walichagua rangi nane zitumiwe katika michoro ya elimu: nyeusi, machungwa, samawati, kijani kinachoelekea buluu, manjano, buluu, nyekundu inayoelekea machungwa, na zambarau inayoelekea nyekundu. Mwaka 2011 Bang Wong aliwasifia wasomaji wa jarida la Nature Methods rangi hizo, na mwaka 2020 zilitiwa katika R, programu ya hesabu za takwimu inayotumiwa na vyuo vingi duniani, ili mchoraji azipate kwa kuzitaja tu.

Pamoja na rangi zenyewe, mafundisho yao yalikuwa na kanuni tatu. Ya kwanza, zichaguliwe rangi ambazo macho ya kila namna yaweza kuzitenga. Ya pili, rangi isiachwe ifanye kazi peke yake, bali isaidiwe na umbo, mahali, na namna ya mstari. Ya tatu, ikiwa watu watazungumza juu ya mchoro kwa kutaja rangi, basi majina ya rangi hizo yaandikwe palepale zilipo. Kanuni ya kwanza imeenea na kusifiwa. Ya pili hufuatwa na baadhi ya watu. Ya tatu aghalabu huachwa, kana kwamba ni nyongeza ya adabu tu. Uhakiki huu wakusudia kuonyesha kwamba hiyo ya tatu ndiyo iliyo ngumu kuliko zote, na kwamba katika Kiswahili uzito wake ni mkubwa zaidi kuliko walivyoweza kujua waliozichagua rangi hizo.

Yafaa kwanza kulisahihisha jina la jambo lenyewe. Neno litumiwalo sana ni "upofu wa rangi", nalo lapotosha. Kipofu haoni, ilhali mtu huyu aona; aona mbingu buluu na ndizi mbivu ya manjano, wala hana haja ya kushikwa mkono. Katika ukuta wa nyuma wa jicho mna chembe za aina tatu zipokeazo nuru ya rangi: moja huitikia zaidi mawimbi marefu ya nuru, ya pili ya kati, na ya tatu mafupi. Aina ya kwanza au ya pili ikikosekana, au ikiwa na kasoro, nyekundu, kijani, hudhurungi na machungwa huanza kuingiana. Mara nyingi hali hii hurithiwa kwa njia ya kromosomu ya X, na kwa kuwa mwanamume anayo moja tu, yeye ndiye apatwaye zaidi. Katika watu wenye asili ya Ulaya ya kaskazini hupatikana kwa wanaume wapatao 8 katika kila 100, na kwa wanawake hata 1 katika 100 hafikiki. Katika mataifa mengine mengi idadi ni ndogo kuliko hiyo. Kwa hiyo "upungufu wa kuona rangi" ni jina lililo karibu zaidi na kweli. Jina baya huzaa dawa mbaya: anayedhani kwamba mtu haoni rangi yoyote atamwondolea rangi zote, na hilo silo linalohitajiwa.

Namna upungufu huu unavyojificha yaonekana vizuri katika habari za John Dalton, mwanakemia wa Manchester. Mwaka 1792, alipokuwa amekwisha kuwa mtu mzima na mwalimu, alilitazama ua la jerania kwa nuru ya mshumaa akashangaa. Mchana ua lile lilikuwa kwake na rangi ya mbingu. Usiku, kwa mshumaa, lilikuwa jekundu. Akawauliza wengine, nao, isipokuwa ndugu yake, wakasema hawaoni mabadiliko makubwa. Mwaka 1794 alilieleza jambo hilo mbele ya chama cha wanazuoni wa mji ule, akidhani kwamba majimaji ya macho yake yametiwa rangi ya buluu. Aliagiza macho yake yapasuliwe baada ya kufa kwake. Alipokufa mwaka 1844 yalipasuliwa, na majimaji yake yakaonekana safi. Mwaka 1995 uchunguzi wa chembe za urithi katika mabaki ya jicho lake ulionyesha kwamba alikosa aina ile ipokeayo mawimbi ya kati.

Kwa mwanafunzi wa lugha, lililo kubwa katika habari hizo ni miaka iliyotangulia ule mshumaa. Dalton aliishi zaidi ya miaka 20 akitaja rangi pamoja na watu wote, wala mazungumzo hayakumfichua. Majina alikuwa nayo. Alijua kwamba nyasi huitwa za kijani na damu huitwa nyekundu, kama ajuavyo kila mtoto aliyefundishwa kusema. Lugha ilikuwa imeufunika upungufu wa jicho, na kilichoufunua ni kitu kimoja kilichobadilika rangi bila kubadilika jina.

Kiswahili chaweza kuufunika upungufu huo kwa kitambaa kizito zaidi. Vivumishi vya asili vya rangi vichukuavyo viambishi vya ngeli ni vitatu tu: -eupe, -eusi na -ekundu. Husemwa kitabu cheupe, maua mekundu, mistari myeusi. Brent Berlin na Paul Kay, ambao katika kitabu chao cha mwaka 1969 walikiweka Kiswahili miongoni mwa lugha 20 walizozipima, walitoa hoja kwamba lugha yenye maneno matatu ya msingi ya rangi huwa na hayohayo: la weupe, la weusi na la wekundu. Rangi nyingine za Kiswahili huitwa kwa vitu au kwa maneno ya kuazima, nazo huungwa kwa -a ya uhusiano. Kijani ni jani. Manjano ni kiungo cha mchuzi. Kahawia ni kahawa. Kijivu ni jivu. Zambarau ni tunda. Waridi ni ua. Samawati ni mbingu za Kiarabu, na buluu ilitoka kwa Waingereza. Hata rangi nyekundu iliyoiva sana imepata jina la damu ya mzee.

Majina haya ni mazuri, na msemaji huyatumia bila taabu. Lakini yana tabia moja ipasayo kuangaliwa na mchoraji: humpa mtu rangi kwa kumpa kitu. Anayejua jani ni nini anajua kulitaja neno kijani mahali pake, hata kama jicho lake haliwezi kuitenga rangi hiyo na hudhurungi ya udongo. Tena kitu chenyewe si thabiti. Jani huchipua, hukomaa na kukauka, ndiyo maana wasemaji wengi huongeza neno na kusema kijani kibichi. Chungwa ni mfano ulio wazi zaidi. Katika nchi za pwani, ambako usiku hauna baridi ya kutosha kuliondoa ganda lake ukijani, chungwa huiva na kuliwa likiwa bado na rangi ya jani. Mtoto wa Muheza, ambako michungwa ni mingi, akiambiwa mara ya kwanza kwamba mstari fulani ni wa "rangi ya machungwa", ana haki ya kuutafuta mstari wa kijani. Akikua hujifunza kwamba jina hilo limekwisha kuachana na tunda lake. Hilo ni jambo la mapatano, na mapatano hayo hupatikana kwa masikio kuliko kwa macho.

Hapo ndipo mchoro wa elimu unapotofautiana na maisha ya kila siku. Sokoni, nyanya mbichi na nyanya mbivu hutambuliwa pia kwa kubonyezwa. Barabarani, taa ya kusimamisha magari iliyo juu na ile iliyo chini hutambuliwa kwa mahali pake. Bendera ya Kenya, iliyopandishwa mwaka 1963, ina nyekundu na kijani pamoja. Lakini nyekundu ni ya katikati, kijani ni ya chini, na baina yake umepita ukanda mwembamba mweupe, basi hata asiyezitenga rangi hizo aweza kuichora bila kukosea. Katika mambo hayo yote kitu, umbo au mahali huisaidia rangi. Mchoro huondoa vitu vyote hivyo. Mstari wa joto hauna joto, wala sehemu iliyopakwa kijani katika ramani haina jani hata moja. Palipokuwa na jani pamebaki jina lake tu, na jina bila kitu haliwezi kumsaidia jicho lililopungukiwa.

Madaktari waliligundua jambo hili mapema. Baada ya magari ya moshi kugongana huko Lagerlunda, Sweden, mwaka 1875, Frithiof Holmgren wa Uppsala alishuku kwamba mmoja wa wafanyakazi hakuitambua rangi ya taa, akabuni kipimo cha nyuzi za sufu. Mtu alipewa fundo moja la uzi akaambiwa achague mengine yanayofanana nalo. Hakuulizwa jina la rangi, maana majina yangaliweza kumwokoa asiyestahili. Shinobu Ishihara wa Tokyo alifuata njia iliyo sawa na hiyo katika vibao vyake vilivyotoka mwaka 1917: mtazamaji husoma tarakimu iliyofichwa ndani ya madoa, naye hatakiwi kutaja rangi yoyote. Basi wapimaji wa macho waliacha kuuliza majina zaidi ya miaka 100 iliyopita. Watunga vitabu na watunga mitihani wangali wakiyauliza. Mwanafunzi aambiwapo, "Taja kazi ya sehemu iliyopakwa rangi nyekundu," huwa anapimwa mara mbili, kwanza macho kisha akili, lakini alama huandikwa chini ya akili peke yake. Aweza kuhesabiwa mzito wa kufahamu, naye mwenyewe akaamini hivyo, kwa sababu ya rangi iliyochaguliwa na mtu asiyemjua.

Kwa mizani hiyo, kazi ya Okabe na Ito yastahili sifa kubwa. Hawakumkataza mchoraji kutumia nyekundu na kijani, bali walizisogeza. Nyekundu waliielekeza kwenye machungwa, kwa sababu nyekundu tupu huwa kama giza kwa baadhi ya macho. Kijani walikielekeza kwenye buluu, mpaka rangi hizo mbili zikaachana kwa upande ambao macho hayo bado yanauona. Katika picha za hadubini, ambamo sehemu mbili za chembe hung'arishwa moja kwa nyekundu na nyingine kwa kijani, walishauri mahali pa nyekundu pashikwe na majenta, yaani nyekundu iliyochanganywa na buluu. Zinapokutana rangi hizo, mahali pa kukutania huwa peupe. Msomaji mwenye macho kamili hapotezi kitu, na mwenye upungufu hupata kila kitu. Hiyo ndiyo alama ya dawa nzuri.

Lakini rangi nane hizo zina kasoro tatu, na kwa wasomaji wa Afrika ya Mashariki zote tatu ni nzito. Ya kwanza ni ya karatasi. Manjano katika mstari mwembamba juu ya karatasi nyeupe huwa kama haipo. Inafaa kujaza sehemu yenye mpaka mweusi, haifai kuchorea uzi. Ya pili ni ya mashine. Machungwa na samawati za Okabe na Ito zina mwanga ulio karibu sawa kabisa, na kijani chao na zambarau yao vivyo hivyo. Macho huzitenga, mashine ya fotokopi isiyotoa rangi haizitengi. Pale ambapo kitabu kimoja hununuliwa na kurasa zake zikatolewa nakala kwa ajili ya darasa zima, mchoro ulioanza ukiwa wazi kwa watu wote huishia ukiwa fumbo kwa watu wote. Ni kweli kwamba waanzilishi hawakuahidi kuishinda mashine hiyo, na kanuni yao ya pili ingetosha kuukinga mchoro kama ingefuatwa. Lakini wanaoziazima rangi aghalabu huziacha kanuni nyuma.

Kasoro ya tatu ni ya majina, nayo haikutokana na Okabe na Ito bali na kuhamishwa kwa kazi yao kutoka lugha moja hadi nyingine. Nane hizo zikiingia katika kitabu cha Kiswahili, mtungaji atakuwa na nyekundu inayoelekea machungwa kando ya machungwa, samawati kando ya buluu, na kijani kinachoelekea buluu kati yake. Wako wasemaji ambao kwao samawati na buluu ni rangi moja yenye majina mawili, la zamani na la kisasa. Wengine huitenga samawati kuwa ile iliyo nyepesi. Hapo hata msomaji mwenye macho kamili hataelewana na mwenzake. Kubuni majina nane mapya si dawa, maana jina jipya lisilo na kitu wala mazoea halifundishi jicho lolote.

Dawa iliyo karibu ni kupunguza. Katika nane hizo zimo nne ambazo zaweza kupita katika mizani zote tatu, ya jicho, ya mashine na ya ulimi: nyeusi, buluu, machungwa na manjano. Zikipangwa hivyo, kila moja ina mwanga zaidi kuliko iliyoitangulia, kwa hiyo fotokopi huzigeuza ngazi nne za kijivu zinazotofautiana. Mwenye upungufu wa nyekundu na kijani huitenga buluu na machungwa bila shida, na machungwa na manjano huzitenga kwa ukolevu. Tena majina yake ni ya kila siku. Mchoro unaohitaji zaidi ya rangi nne kwa kawaida wahitaji kugawanywa uwe michoro miwili.

Na neno hilo ukolevu lafungua mlango ambao wahakiki wa michoro hawajautazama vya kutosha. Kiswahili kina majina machache ya asili ya rangi, lakini kina vitenzi vingi vya hali ya rangi. Rangi hukolea, hukoza, huiva, hung'aa, hufifia, hupauka, huchujuka. Mshona nguo, mchuuzi wa khanga na mfuaji wote wana maneno hayo, nayo hupima kitu kilekile ambacho macho ya karibu watu wote hukiona: giza na mwanga. Mwaka 2015 Stéfan van der Walt na Nathaniel Smith walitengeneza mfuatano wa rangi uitwao viridis, unaotoka zambarau nzito na kwenda hadi manjano nyangavu, ukiongezeka mwanga kwa hatua sawa. Nia yao ilikuwa kuacha zile rangi za upinde wa mvua, ambazo mwanga wake hupanda na kushuka bila utaratibu. Ramani ya mvua iliyopakwa kwa mfuatano huo yaweza kuelezwa kwa Kiswahili bila kutaja rangi hata moja: "Kadiri rangi inavyokolea, ndivyo mvua inavyozidi." Sentensi hiyo yaeleweka kwa mwenye upungufu, kwa mwenye macho kamili, na kwa mwenye nakala isiyo na rangi.

Huenda ikasemwa kwamba hayo yote ni taabu kubwa kwa ajili ya watu wachache. Jibu la kwanza ni kwamba mtungaji hajui wachache hao wameketi wapi, nao mara nyingi hawajijui. Jibu la pili ni kwamba wengi nao hufaidika. Mwaka 2011 Michelle Borkin na wenzake huko Harvard walitoa matokeo ya jaribio la kusoma picha za mishipa ya damu ya moyo. Katika picha za umbo kamili zilizotiwa rangi za upinde wa mvua, wanafunzi wa udaktari waliopimwa walitambua 39 kwa 100 tu ya sehemu zenye dalili ya hatari. Zilipowekwa rangi chache zinazofuata ukolevu, walitambua 71 kwa 100. Hao hawakuchaguliwa kwa upungufu wa macho. Rangi mbaya zilikuwa zimewapunguzia uwezo wote.

Basi sentensi iliyotajwa mwanzoni yaweza kuandikwa upya. Mstari wa joto uchorwe mzima, wa buluu, na neno "joto" liandikwe juu yake. Mstari wa mvua uchorwe kwa vipande, wa machungwa, na neno "mvua" liandikwe juu yake. Chini ya mchoro yaandikwe haya: "Mstari mzima (buluu) waonyesha joto, na mstari wa vipande (machungwa) waonyesha mvua." Maneno yaliyoongezwa ni machache. Rangi imebaki mahali pake na jina lake limebaki, ila hakuna kati ya hivyo viwili kilichoachiwa kubeba maana peke yake.